Bakteria wenye vimeng'enya vingi ndio wanaotujaza gesi, au ni wale wasio navyo?

#1 Kifuu Tundu
Wakuu habari za saa hizi.

Kuna jambo linanisumbua. Mimi na kaka yangu tunapakua maharage chungu kimoja. Yeye akimaliza analala zake kama hakuna kilichotokea. Mimi tumbo linaunguruma hadi usiku wa manane na mkanda haufungi. Nilikoenda kutibiwa nikaambiwa "bakteria wako wa tumboni hawana vimeng'enya vya kuvunja sukari za maharage". Sawa, vimeng'enya ni zile protini za kukatakata chakula. Nikaingia kusoma, nakutana na maelezo kwamba gesi inatoka pale bakteria wanapozivunja hizo sukari.

Sasa jamani, kama wangu hawawezi kuzivunja, hii gesi inatoka wapi? Na kama wanaweza, wale wa kaka wanafanya kazi gani?

Wajuzi karibuni. Wa "kunywa maji mengi" nao karibuni, ila mje na hoja.

#2 Siti ya Dirishani
Nimeshakaa. Hata mimi ni mhanga.

#3 Mzee wa Maabara
Aliyekujibu alichanganya mwili wako na bakteria wako.

Maharage yana sukari zinazoitwa rafinosi na stakiosi. Rafinosi ni galaktosi, glukosi na fruktosi zilizoshikana. Stakiosi ni hiyohiyo, imeongezewa galaktosi moja. Kile kiungo kinachoshika galaktosi kinakatwa na kimeng'enya kiitwacho alfa-galaktosidezi, ambacho binadamu hatuna. Kwa hiyo sukari hizo zinapita tumboni, zinapita utumbo mwembamba wote bila kuguswa, zinafika utumbo mpana zikiwa nzima. Huko bakteria wanazipokea, wanazikata, wanazichachusha bila oksijeni. Kinachotoka ni asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi (asetati, propioneti, butireti) pamoja na haidrojeni na kaboni dioksaidi.

Gesi ni ushahidi kwamba vimeng'enya vipo na viko kazini. Asiye navyo ni wewe, bakteria wako wanavyo tele.

#4 Jicho Kavu
Mzee heshima yako, ila "binadamu hatuna" inahitaji kunyooshwa. Alfa-galaktosidezi tunayo, iko ndani ya seli kwenye lisosomu (kifuko cha kuvunjia taka za seli), inashughulikia mafuta fulani yaliyobeba galaktosi. Mtu akizaliwa na jeni yake mbovu anapata ugonjwa wa Fabry. Tunachokosa ni ya kumwagwa utumboni juu ya chakula.

#5 Mzee wa Maabara
Utumboni ndiko ninakozungumzia, kijana. Ila nyongeza nzuri, ibaki.

#6 Pilipili Manga
Mleta mada hongera, una bakteria wachapakazi. Shemeji anasemaje kuhusu uchapakazi huo?

#7 Kifuu Tundu
😂😂 Shemeji yako kahamia chumba cha watoto.

Mzee wa Maabara shukrani. Ila suala la kaka bado halijajibiwa. Chungu kimoja, sukari zilezile, na yeye hana hicho kimeng'enya kama mimi.

#8 Dokta Kiganjani
Rahisi tu. Mwili una bakteria mara kumi ya seli zake. Wewe wamezidi hapo, kaka yako wako kawaida. Tafuta dawa ya kusafisha utumbo, siku tatu umemaliza.

#9 Jicho Kavu
Hiyo "mara kumi" ni hesabu ya zamani iliyokuwa ikirudiwa na kila mtu. Mwaka 2016 ikapigwa upya: mwanamume wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38, na seli zake mwenyewe trilioni 30. Karibu sare. Hiyo dawa ya kusafisha utumbo iache kwenye matangazo, mkuu.

#10 Binti Pektini
Nimekuja mbio. Hii ndiyo mada yangu, mtanivumilia kwa urefu.

Idadi ya bakteria haikuambii kitu. Uliza ni nani yupo na amebeba jeni zipi. Chukua mmoja anayepatikana kwa watu wengi, Bacteroides thetaiotaomicron, watafiti wenyewe jina limewashinda wanamwita B. theta. Jenomu yake, yaani jumla ya jeni zake, ilisomwa yote mwaka 2003. Ana jeni zaidi ya 260 za vimeng'enya vya kukata viungo vya sukari. Binadamu na jenomu yetu yote kubwa, vya kumeng'enyea sukari za chakula havizidi 17, na vingi vinahusu wanga, sukari ya mezani na sukari ya maziwa.

Kwa nini aviweke vyote hivyo? Kwa sababu kimeng'enya kimoja kinakata kiungo cha aina moja, au jamii ndogo ya viungo. Glukosi zikishikana kwa kiungo cha alfa unapata wanga, na amilezi ya mate inaanza kuushambulia ukiwa bado mdomoni. Glukosi zilezile zikishikana kwa beta unapata selulosi, na amilezi inaipita kama haioni. Mmea una sukari za kila namna, zimeshikana kwa pembe tofauti na matawi juu ya matawi. Anayetaka kuishi kwa mabaki ya mimea lazima awe na kabati la makasi.

Uzuri wenyewe ni jinsi hizo jeni zilivyopangwa. Hazijatawanyika, ziko kwenye vifurushi, B. theta ana 88 hivi. Kifurushi kimoja kinabeba kila kinachotakiwa kwa sukari ya aina fulani: kihisio cha kuitambua, protini za kuinasa, vimeng'enya vya kuikata na mlango wa kuiingiza. Sukari isipokuwepo kifurushi kinalala. Cha kwanza kueleweka vizuri kilikuwa cha wanga, kazi ya Abigail Salyers na wenzake huko Illinois. Protini za nje ya bakteria zinaunasa mnyororo wa wanga, kimeng'enya kilichokaa palepale juu ya ngozi yake kinaukata vipande vya wastani, vipande vinaingizwa ndani, kisha humo ndani vinakatwakatwa hadi glukosi mojamoja. Ni sawa na mtu anayevunja muwa pingili kubwakubwa barazani, akaenda kuzitafunia chumbani ili majirani wasiokote hata ganda.

Halafu kuna ramnogalakturonani ya II. Ni kipande cha pektini kilicho kwenye kuta za seli za mimea, kina sukari za aina 13 na viungo vya aina 21. Mwaka 2017 ikaonyeshwa kwamba B. theta anakata viungo vyote isipokuwa kimoja. Baadhi ya vimeng'enya alivyotumia havikuwa vimejulikana kabla ya hapo. Hiyo kazi nikiisoma huwa nasimama.

#11 Pilipili Manga
Bakteria ana vifurushi 88, mimi cha wiki kinaisha Jumanne.

#12 Siti ya Dirishani
Binti Pektini umetisha. Swali la mtoto wa shule: ng'ombe anakula majani matupu ananenepa. Yeye ana vimeng'enya vyake?

#13 Mchunga Ndama
Hana, ndugu yangu. Ng'ombe hana jeni ya kukata selulosi. Anachofanya ni kuwafuga wanaoweza, kwenye rumeni, lile tumbo lake la kwanza. Tena yeye ana faida moja tuliyoikosa sisi: uchachushaji wake unatokea MWANZO kabisa, kabla ya utumbo mwembamba. Ananyonya asidi za mafuta, halafu bakteria wenyewe wanashuka chini anawameng'enya kama protini. Sisi uchachushaji mkubwa uko mwishoni, bakteria wanaondoka na choo.

Panda ndiye wa kusikitisha. Jenomu yake iliposomwa 2010 hawakukuta jeni za kukata selulosi, ukoo wake ni wa wala nyama, na bado anashinda kutwa anakula mianzi. Sehemu kubwa inatoka kama ilivyoingia.

Binadamu kwenye selulosi ni kama panda. Hata bakteria wetu hawaiwezi.

#14 Jicho Kavu
Mchunga Ndama, umekwenda vizuri hadi sentensi ya mwisho. Wapo wanaoiweza. Ruminococcus champanellensis alitolewa kwenye kinyesi cha binadamu, anakata selulosi. Na mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha kazi iliyoonyesha aina nyingine za Ruminococcus ndani ya utumbo wa binadamu, ndugu wa wale wa rumeni, wenye mtambo mzima wa vimeng'enya vilivyopangwa kwenye protini moja ndefu. Ila wanaonekana kidogo sana kwa watu wa nchi za viwanda, na zaidi kwa jamii za vijijini na za wawindaji.

#15 Mchunga Ndama
Nimekusoma. Kwa hiyo wapo ila si kwa kila mtu.

#16 Binti Pektini
Hapo hapo ndipo jibu la kaka yake mleta mada lilipo, kwa maoni yangu. Si kila mtu ana kila mkataji.

Mfano mzuri ni wanga sugu, ule unaopatikana viazi vikipikwa vikaachwa vipoe, au kwenye ndizi mbichi. Yupo Ruminococcus bromii ambaye ni fundi wa kuufungua. Watafiti wa Aberdeen waliwalisha watu wanga sugu wakapima choo. Wengi waliumaliza karibu wote. Wachache ambao R. bromii kwao alikuwa kama hayupo, sehemu kubwa ya wanga ilitoka bila kuguswa. Wengine humo utumboni wanaweza kula vipande, lakini hakuna wa kuanza kuufungua.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kaka mtu hana wakataji wa kutosha. Sukari zinampita, hajui hata kama zimepita.

#17 Mzee wa Maabara
Binti, kwa wanga sugu nakubali. Kwa rafinosi nakataa. Rafinosi ni sukari ndogo, inayeyuka kwenye maji, na wakataji wake ni wengi mno: bifidobakteria wanao, Bacteroides wanao, laktobasili wengi wanao. Sioni ni vipi mtu mzima mwenye afya awakose wote. Angewakosa kweli, sukari hiyo ingevuta maji akaharisha.

#18 Kifuu Tundu
Kaka haharishi. Yule mtu ana tumbo la chuma.

#19 Sauti ya Tatu
Mnaangalia wanaotoa gesi tu. Angalieni na wanaoila.

Haidrojeni haibaki yote. Kuna kiumbe anaitwa Methanobrevibacter smithii (si bakteria, ni arkea, jamii nyingine ya viumbe wa seli moja, nasema kabla Jicho Kavu hajaja). Anachukua molekuli 4 za haidrojeni na 1 ya kaboni dioksaidi, anatoa 1 ya metheni na maji. Hesabuni wenyewe: gesi tano zimekuwa moja. Wapo pia wanaogeuza haidrojeni na kaboni dioksaidi kuwa asetati, hapo gesi imekwisha kabisa na mwili unanyonya hiyo asetati kama nishati.

Sasa chukueni watu wawili wenye wakataji sawasawa. Mmoja ana walaji wa haidrojeni wengi, mwingine hana. Maharage yaleyale, ujazo tofauti kabisa. Na si kila mtu anatoa metheni ya kupimika, ni kama theluthi ya watu.

#20 Jicho Kavu
Nilikuwa naandika kuhusu arkea, umeniwahi 😅

Ila nadharia yako ina mwiba. Metheni inahusishwa na utumbo kwenda polepole na kukosa choo, na wengi wa hao wanalalamika tumbo kujaa vilevile. Ujazo umepungua, malalamiko yako palepale.

#21 Nahodha wa Nchi Kavu
Kwa sababu malalamiko na ujazo ni vitu viwili! Nashangaa tumefika huku hakuna aliyesema.

Mwaka 2017 watafiti wa Nottingham, Uingereza, waliwapa watu inulini, ile sukari ndefu ya fruktosi iliyoko kwenye vitunguu na mizizi mingi. Kundi moja wenye ugonjwa wa utumbo kusumbuka, kundi lingine wazima. Wakawaingiza kwenye mashine ya MRI, wakaona gesi imejaa utumbo mpana kwa makundi yote mawili, hawapishani sana. Lakini waliolia maumivu ni wale wa kundi la kwanza. Utumbo wa mmoja ukitanuka mishipa ya fahamu inapiga kelele, wa mwingine unatanuka kimya.

Mleta mada, inawezekana wewe na kaka yako mna gesi ileile. Tofauti ni nani anaisikia.

#22 Kifuu Tundu
Hii imenigusa, maana kaka si kwamba hana gesi. Anayo. Tena yake ina harufu ya kufukuza wageni, yangu ni kelele tu. Yeye haumwi, sisi ndio tunaumwa.

#23 Pilipili Manga
Sasa uzi umefika ninapopataka.

#24 Sauti ya Tatu
Na hilo lina maelezo. Haidrojeni haina harufu. Kaboni dioksaidi haina. Metheni haina. Harufu ni salfa, kiasi kidogo sana kinatosha, hasa haidrojeni salfaidi. Kuna bakteria wanaotumia haidrojeni kuibadili salfeti (chumvi yenye salfa), zao lao ndilo hilo. Kwa hiyo kaka yako yawezekana haidrojeni yake inaliwa na hao. Ujazo mdogo, harufu kubwa. Nadharia yangu bado inaishi.

#25 Nahodha wa Nchi Kavu
Au amekula mayai na kabichi, mambo yakaishia hapo. Salfa inatoka pia kwenye protini. Usijenge ghorofa kwa pua ya mleta mada.

#26 Mama Pacha
Habari zenu. Mimi si mtaalamu, naleta yaliyonikuta. Nilikuwa nakula maharage bila shida miaka yote. Nikaugua, nikapewa antibayotiki za muda mrefu. Nilipomaliza, maharage yakawa adui. Yalichukua miezi kurudi kawaida, na bado vitunguu vingi siviwezi. Sasa kwa hoja ya Binti Pektini ningetarajia gesi ipungue, maana wakataji wamekufa. Kwangu iliongezeka.

#27 Binti Pektini
Dada pole. Kesi yako inanipa shida kweli, siikimbii. Antibayotiki haziui sawasawa. Zinaweza kuwaua walaji wa haidrojeni au wale wanaomalizia, wakataji wakabaki. Pia zinaweza kuwaondoa wa polepole, nafasi wakachukua wanaochachusha kwa kasi. Gesi ileile ikitoka ndani ya saa moja badala ya sita, utaisikia tu.

#28 Mzee wa Maabara
Naam, kasi. Na mahali. Sukari ndogo kama rafinosi inachachushwa mara tu inapoingia utumbo mpana. Ndefu na ngumu zinaenda taratibu hadi mbali. Chakula kikipita haraka kwa mmoja, kazi inatawanyika. Labda tofauti ya ndugu hawa ni mwendo wa utumbo tu, vimeng'enya tunavisingizia.

#29 Siti ya Dirishani
Mpaka sasa nina: wakataji, walaji wa haidrojeni, mishipa ya fahamu, kasi. Mleta mada uliuliza swali moja umepewa manne.

#30 Mpishi Mstaafu
Na hamjamuuliza anavyoyapika. Loweka maharage usiku kucha, MWAGA maji yale, pika kwa maji mapya. Rafinosi na stakiosi nyingine zinaondoka na maji. Ukiyaacha yaanze kuchipua ni bora zaidi, mbegu inazitumia yenyewe hizo sukari kuotea. Vipo pia vidonge vya alfa-galaktosidezi vinavyotengenezwa kwa kuvu aina ya Aspergillus, unameza na tonge la kwanza. Ukimeza baada ya kula umechelewa.

#31 Jicho Kavu
Chungu kimoja, mkuu. Hata kaka anakula hayohayo yasiyolowekwa 😄

Ila ushauri sahihi.

#32 Binti Pektini
Mpishi sikupingi, ila tusifanye hizo sukari kuwa sumu. Butireti inayotokana nazo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandika utumbo mpana, inakadiriwa zinapata humo kama asilimia 70 ya nishati yao. Nyuzinyuzi zinazochachuka hazipotei bure, gramu moja inaupa mwili kama kilokalori 2. Na wakataji wakikosa mimea hawafungi. Mwaka 2016 panya walionyimwa nyuzinyuzi, bakteria wao waligeukia ute unaolinda ukuta wa utumbo, maana ute nao umepambwa kwa sukari. Ukawa mwembamba, vijidudu vya ugonjwa vikapata njia.

#33 Mpishi Mstaafu
Panya wa maabara na mimi wapi na wapi. Mimi nimesema loweka, sijasema acha.

#34 Mama Pacha
Jamani na maziwa ya mama? Niliwahi kusikia yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya.

#35 Binti Pektini
Umesikia sawa. Baada ya laktosi na mafuta, kundi linalofuata kwa wingi kwenye maziwa ya mama ni hizo sukari, na mtoto hana vimeng'enya vyake. Anayezila ni bifidobakteria aitwaye infantis, ambaye anazivuta nzima ndani na kuzikatia huko. Mama anamlisha mtoto, na anamlisha bakteria wa mtoto. Uzi wake kabisa huo, tusiuingilie huu.

#36 Mwenda Pole
Nimechelewa. Mkuu Kifuu Tundu, ulianza kula maharage lini kwa wingi? Kuna kazi za Barcelona ambazo watu walipewa sukari za jamii ya galaktosi kila siku. Mwanzo gesi ilipanda, wakiendelea kwa majuma kadhaa ikashuka, ingawa sukari zinaendelea kuliwa. Jamii ya bakteria inajipanga upya. Aliyekula tangu utotoni na aliyerudi kuyala juzi hawawezi kulingana.

#37 Kifuu Tundu
Sasa umenishika. Mimi nilikaa mbali na nyumbani muda mrefu nikila mikate na nyama. Kaka hajawahi kuacha maharage.

#38 Nahodha wa Nchi Kavu
Halafu hili linatajwa #37 😂😂

#39 Mwenda Pole
Basi anza kidogo kidogo, vijiko viwili vitatu kila siku, uongeze taratibu. Usiyale sahani nzima mara moja kwa wiki.

#40 Sauti ya Tatu
Anaweza pia kupima pumzi. Anakunywa sukari isiyomeng'enywa, anapuliza kwenye mfuko kila baada ya muda. Seli za binadamu hazitengenezi haidrojeni wala metheni, kwa hiyo kinachotoka mapafuni kimetoka kwa wapangaji. Wapime wote wawili. Kaka akitoa metheni nyingi mimi nimeshinda.

#41 Nahodha wa Nchi Kavu
Wakitoa sawa nimeshinda mimi.

#42 Mzee wa Maabara
Na haidrojeni ya kaka ikipanda baadaye kuliko ya huyu ni mwendo wa utumbo. Kimoja nawaambia: hicho kipimo hakikuonyeshi ni kimeng'enya cha nani kimekata.

#43 Siti ya Dirishani
La mwisho kwangu: bakteria asiye na jeni ya sukari fulani anaweza kuipata?

#44 Binti Pektini
Anaweza, japo si jambo la leo na kesho. Mwaka 2010 watafiti wa Roscoff, Ufaransa, walikuta kimeng'enya cha kukata pofirani, sukari ya mwani mwekundu, kwa bakteria wa baharini. Walipotafuta jeni hiyo kwingine wakaikuta kwenye Bacteroides plebeius wa utumboni mwa Wajapani, ambao wamekula mwani huo kwa karne nyingi. Sampuli za Marekani Kaskazini hazikuwa nayo. Jeni ilihama kutoka bakteria wa bahari kwenda wa utumbo.

#45 Pilipili Manga
Kwa hiyo Kifuu Tundu akilala chumba kimoja na kaka yake jeni zitahama?

#46 Jicho Kavu
Jeni sijui. Wageni watahama.

#47 Kifuu Tundu
Nimeongea na kaka kuhusu kupima pumzi. Kakubali, ila anataka maharage yawe ya kwangu.